Sufuria ya Chai

Nyumbani kwetu kuna sufuria yenye haki nyingi kuliko mimi. Ni ndogo, ya lita mbili hivi, imebonyea ubavuni, na ndani imejijengea utando wa kahawia ambao hata waya wa kusugulia unauheshimu. Sheria yake ni moja: haipikiwi kitu kingine isipokuwa chai. Si mayai, si uji, si maji ya kumwogesha mtoto. Mke wangu alinisomea sheria hiyo siku ya tatu ya ndoa, kabla hata hajanionyesha chumvi inakaa wapi. "Mafuta yakiigusa mara moja tu," alisema, "chai itatoa macho mwezi mzima." Nilidhani ni mafumbo ya kwao. Baadaye niliyaona macho yenyewe, maduara madogo ya mafuta yakielea juu ya kikombe changu, yakinikodolea. Nilikuwa nimekaanga yai. Moja tu.

Mimi ni mtu wa Tanga, mke wangu ni wa Rungwe, tunaishi Dar es Salaam, na kama kuna jambo lililowahi kuitikisa ndoa yetu si fedha wala ndugu. Ni chai.

Kwetu chai ni ya rangi. Bibi yangu, pale Ngamiani, alikuwa akibandika birika kwenye jiko la mkaa alfajiri, anatia iliki iliyopondwa maganda na yote, kijiti cha mdalasini, na mchaichai ambao aliufunga fundo kama mtu anayefunga mzigo wa safari. Maji yakishachemka na nyumba nzima ikanukia, ndipo anatupia majani ya chai, anahesabu kimoyomoyo, anaepua. Majani hayachemshwi, alisema, yanaamshwa tu. Kisha anamimina sukari humo humo ndani ya birika na kukoroga. Hakuna mtu aliyeulizwa vijiko vingapi; kuulizwa vijiko vingapi yalikuwa mambo ya ofisini. Chai ilikuja ikiwa imeshaamuliwa. Maziwa kwenye chai yalikuwa ya mgonjwa, au ya mgeni aliyetoka mbali na ambaye bado hatujamzoea.

Desturi hiyo ya sukari ilituponza mwanzoni mwa 2024, mvua za El Niño zilipokwamisha viwanda na sukari ikaadimika madukani. Tulilazimika kuanza kuuliza vijiko vingapi, tukiuliza kwa sauti ya kuomba huruma. Shemeji yangu mmoja, mtu mwema kwa mambo mengine yote, alijibu "vitano" bila kuinua macho kwenye simu.

Kwa mke wangu hadithi ni nyingine kabisa. Rungwe ni nchi ya mvua na baridi, ya ng'ombe na migomba, na chai yenyewe inaota vilimani nyuma ya nyumba. Huko chai ni maziwa yaliyotiwa majani. Inachemka, inashuka, inachemka tena, mpaka ishike rangi ya tofali la kuchoma, ndipo inanywewa kwa ndizi za kuchemsha au magimbi, na anayeinywa anatoka hapo anaweza kulima hadi saa saba mchana. Mara ya kwanza kunikuta nakunywa chai yangu ya rangi, mke wangu aliuliza kwa upole kama naumwa tumbo.

Tumeshabishana hadi kuingia kwenye historia. Mimi nilimwambia kuwa chai kwetu si ngeni hata kidogo: Wajerumani walifungua kituo cha utafiti wa kilimo pale Amani, juu ya Muheza, mwaka 1902, na chai ilikuwa miongoni mwa mimea waliyoijaribu. Yeye akasema, "Sawa. Yenu ilikuwa ya majaribio. Na mpaka leo mnajaribu."

Hapo mazungumzo ya historia yalikoma. Tukafikia mapatano: Jumatatu hadi Jumamosi chai ni yake na ina maziwa, Jumapili ni zamu yangu, nipike nitakavyo, na yeye hatasema neno. Amelishika hilo la kutosema neno. Ila ana namna ya kutazama kikombe.

Niseme ukweli, Jumapili zangu hazijanitetea vizuri. Kuna ile ya mgeni wa Nairobi, mfanyakazi mwenzangu aliyekuja Dar kwa semina, nikamwalika kunywa chai na familia. Nilimwekea chapati, maharage ya nazi, na kikombe cha chai ya rangi yenye iliki ambayo Bibi angeitia sahihi. Yule bwana alikishika kikombe, akatulia. Nikafikiri anaomba dua. Akaendelea kutulia. Nikafikiri anasubiri ipoe. Ilipopoa kabisa ndipo akaniuliza, kwa adabu ya mtu anayeulizia habari za marehemu, maziwa yako njiani au vipi? Kumbe kwao chai bila maziwa inaitwa sturungi, na sturungi hunywewa mwisho wa mwezi, mshahara ukichelewa. Alikuwa ameshaanza kufikiria namna ya kutukopesha.

Kuna ile ya mchaichai. Shina letu lilikufa kiangazi kimoja, kwa msaada wa kuku wa jirani. Nyumba ya tatu kutoka kwetu kuna shungi kubwa kando ya geti, majani marefu, mabichi, yameinama kama nywele za mtu aliyetoka kuoga. Nikamwomba mlinzi. "Kata tu mzee, imejaa." Nikakata konzi nzima. Harufu ilikuwa kali kuliko ya mchaichai niliouzoea, nikajipongeza kwamba nimepata wa daraja la kwanza. Nikaufunga fundo kama Bibi, nikauchemsha kwa ukarimu. Kitinda mimba wetu alikunywa funda moja, akanyanyua uso: "Baba, chai inanuka kama mafuta ya mbu."

Nilimkemea. Nikanywa na mimi. Ilikuwa inanuka kama mafuta ya mbu.

Mwenye nyumba alinieleza baadaye, akijizuia kucheka, kwamba ule ni ndugu wa mchaichai, wa ukoo mmoja, lakini si yeye. Ndio unaokamuliwa yale mafuta ya kufukuzia mbu. Ukiwatazama majani, ni mapacha. Tofauti iko chini, kwenye mashina: mchaichai wa chai ni mweupe-kijani, ule mwingine una wekundu kama umevaa soksi. Tangu siku hiyo sikati nyasi ya mtu kabla sijapiga magoti kuangalia miguu yake. Mbu hawakutuuma wiki ile, ila sitaki kudai chochote.

Na kuna ile ya chupa ya chai. Chupa yetu ilikuwa imejaa kutu ya chai ndani, ile rangi inayofanya hata maji matupu yatoke yana ladha ya juzi. Bibi alikuwa akiisafisha ya kwake kwa konzi ya mchele, maji ya moto kidogo na ndimu. Anatikisa, mchele unasugua, inatoka inang'aa. Mimi nikawaza: mchele ni chakula, na bei yake tunaijua. Uani kuna kokoto bure. Nikachagua ndogo ndogo, nikaziosha vizuri kabisa, nikatikisa. Mtikiso wa kwanza ulitoa mlio wa kutia moyo. Wa pili ulitoa mlio kama wa mtu aliyekanyaga balbu. Nilipoinamisha chupa, kokoto zilitoka zikiwa zimefuatana na vipande vyembamba kama magamba ya changu, upande mmoja fedha tupu.

Wakati mke wangu anafagia, nilijaribu kumwonyesha upande wa elimu. Nikamwambia kioo kile ni cha kuta mbili, katikati hamna hewa, ndiyo maana joto halipati njia ya kutokea. Aliyekibuni ni Mskoti, James Dewar, mwaka 1892, akitafuta chombo cha kuhifadhia gesi zilizopozwa mpaka zikawa kimiminika. Hakukikatia hataza, Wajerumani wakaja kukigeuza kuwa biashara ya kuwekea chai. Mke wangu alisikiliza hadi mwisho, ameegemea fagio. "Huyo Dewar," aliuliza, "alikuwa na mke?"

Hayo yote, hata hivyo, yalikuwa mazoezi.

Mwezi wa saba mke wangu alisafiri kwenda msibani kwao, akaniachia watoto wawili, mtungi wa gesi uliokaribia kuisha, na maagizo mafupi. Siku ya nne maji yalikatika. Vyombo vikajaa kwenye karo, kila sufuria ikiwa na ukoko wa siku yake. Jioni nikarudi na nusu kilo ya dagaa wa Mwanza, kwa kuwa dagaa ni rahisi na watoto wanawapenda, nikatafuta cha kuwapikia. Safi ilikuwa moja tu, imening'inia kwenye msumari wake peke yake kama picha ya rais.

Naomba nieleweke. Sikuichukua kwa nia ya kupika. Dagaa hulowekwa kwanza kwenye maji ya moto ili mchanga utoke, na sheria ilisema sufuria *haipikiwi*, haikusema hailowekewi. Mwanasheria yeyote angesimama na mimi. Lakini dagaa wakishaloweka, wakiwa humo humo, na kitunguu kimeshakatwa, na nyanya ipo, na karo imejaa vile... Nikamimina mafuta.

Binti yangu, yuko kidato cha pili, alipita jikoni akasimama.

"Baba, hiyo si sufuria ya chai?"

"Inafanana nayo."

"Hiyo chai, Baba," alisema, na kwa asiyekaa na vijana wa siku hizi, "chai" kwao ni uongo usio na hata aibu ya kujificha.

Dagaa walikuwa watamu. Nasema hilo kwa sababu sitapata nafasi nyingine ya kulisema.

Maji yaliporudi nikaanza kazi. Nilisugua kwa sabuni ya unga. Nikasugua kwa majivu. Nikasugua kwa ndimu na chumvi, kisha kwa magadi, kisha nikaianika juani ukutani siku nzima, mdomo ukitazama juu kama kinda la ndege. Kila nilipoinusa ilinuka kitu kipya pamoja na dagaa: dagaa wa sabuni, dagaa wa ndimu, dagaa wa majivu. Siku ya tatu harufu ikawa imepungua kiasi cha mtu kuweza kujidanganya. Ndipo nilipoitazama vizuri, mwanga wa dirishani ukiwa umeipiga, nikaona kosa langu. Sufuria iling'aa. Ule utando wa kahawia, kazi ya miaka kumi na mitatu ya mke wangu, ulikuwa umekwisha. Mtu aliyetenda kosa kwenye sufuria ya chai anaweza kukana harufu; hawezi kukana mng'ao.

Usiku ule, watoto wamelala, nilibandika maji na robo pakiti ya majani nikayachemsha mpaka yakawa meusi kama lami, nikaacha yapoe humo. Kesho yake tena. Keshokutwa tena. Ukakasi wa chai ndio unaoshika kwenye vyombo, nikauomba ushike. Ulishika, lakini kwa upendeleo: hapa doa, pale doa. Sufuria ikawa na mabaka kama chui.

Jumamosi usiku mke wangu akapiga simu kutoka kwenye basi. "Tunafika Mbezi alfajiri. Nakuja na Mama."

Kutoka Tukuyu hadi Dar ni kama kilomita 900. Mama mkwe alishuka stendi ya Magufuli baada ya safari hiyo yote amenyooka kama aliyetoka kanisani, na kapu la maparachichi, mkungu wa ndizi, na kifurushi kilichofungwa kwa nailoni mara mbili, ambacho hakumpa mtu yeyote ambebee. Tulipofika nyumbani mke wangu alijitupa kwenye kochi. "Baba watoto, leo Jumapili," alisema, macho yameshafumba. "Zamu yako. Mama hajanywa chai tangu jana."

Mama mkwe wangu ana shamba la chai. Si kubwa, ni la mkulima mdogo kama majirani zake, lakini amechuma chai maisha yake yote. Kumpikia chai mtu kama huyo ni kama kumwimbia muadhini. Nikaamua nisilete mambo ya Tanga. Nitampikia chai ya maziwa kama ya kwao, ila niongeze tangawizi mbichi, niipandishe cheo. Nikabandika maziwa, yale ya kijana wa baiskeli, lita nzima. Yalipoanza kupata moto nikakwangua tangawizi nyingi, nikaitia yote, nikakoroga kwa moyo mkunjufu.

Kwa dakika moja hakukuwa na tatizo. Kisha nikaona kama theluji. Vipande vidogo vyeupe vikaanza kujitokeza, vikakutana, vikashikana mikono, na kati yao yakatokea maji ya rangi ya manjano iliyopauka. Maziwa yamekatika. Nikamlaani kijana wa baiskeli na ukoo wake wote.

"Si yeye," alisema binti yangu nyuma yangu. Ana tabia ya kutokea. "Ni tangawizi. Ikiwa mbichi ina kimeng'enya kinachogandisha maziwa yakiwa ya moto kiasi. Ungeichemsha kwanza kwenye maji kikafa, ndiyo uweke maziwa. Wachina wa Guangdong wanafanya hivi makusudi, wanakula kwa kijiko."

"Umefundishwa shuleni?"

"Vimeng'enya, ndiyo. Wachina nimeona kwenye simu." Akachungulia. "Baba, umetengeneza jibini."

Kutoka sebuleni ikaja sauti ya pole: "Mkwe, kuna shida?"

"Hakuna, Mama!"

Hatua zikaja. Mama mkwe aliingia jikoni, akavuta kigoda, akaketi. Akatazama jibini langu bila kusema kitu, kama daktari anayetazama jipu. Kisha akafungua kile kifurushi: majani ya chai, ya kwao, kutoka kiwandani wanakopeleka mavuno. Maziwa yalikuwa yameisha. Ikabaki chai ya rangi; na jibini lilikuwa kwenye sufuria ya maziwa; na iliyobaki safi, juu ya msumari wake, ni ile ya mabaka.

Nikaibandika.

Maji yakiwa motoni, Mama alianza kuzungumza, taratibu, kwa namna ya watu walioshinda shambani. Unachuma majani mawili na chipukizi lake, alisema, hukamati jani la tatu. La tatu ni gumu, linaharibu gunia zima. Na huyashindilii. Ukiyashindilia yanapata joto, yanageuka mekundu humo ndani kabla hayajafika, na mpokeaji anakurudishia. Lazima yafike kiwandani siku hiyo hiyo. Huko yananyaushwa, yanapita kwenye vyuma vyenye meno, yanasagwa na kukunjwakunjwa yanakuwa punje kama baruti. "Ndiyo maana yanatoa rangi upesi," alisema. "Hayataki kuchemshwa kama maharage."

Niliacha kukoroga. "Mama, samahani. Mbona nyumbani Rungwe mnayachemsha mpaka basi?"

Alicheka. "Yale ni ya maziwa. Maziwa mazito yanafunika. Lazima majani yapige kelele ndipo yasikike. Haya ya maji matupu, unayaamsha tu."

Nikamkumbuka Bibi, amelala Tanga miaka kumi na moja sasa, hajawahi kuuona mti wa chai. Nilitamani sana mke wangu awe macho kusikia. Alikuwa anakoroma.

"Jambo jingine," aliendelea Mama, akikunja kifurushi na kukifunga fundo juu ya fundo. "Majani ya chai yana pua. Ukiyaweka karibu na sabuni, yananuka sabuni. Ukiyaweka karibu na mafuta ya taa, umekwisha. Yanakamata kila harufu iliyopo, hayaachi kitu." Akatulia. "Kila harufu."

Nilitazama sufuria. Mvuke ulikuwa unapanda. Nilitupa iliki sita. Nikaongeza nne. Nikavunja mdalasini wote uliobaki. Nikatia majani, nikahesabu kimoyomoyo, nikaepua kwa kipande cha kanga, nikaunguza kidole gumba, sikupiga kelele.

Tulikaa mezani sote. Mama mkwe alikipuliza kikombe, akanywa funda. Akatulia. Akanywa la pili, polepole zaidi, akiliacha likae mdomoni kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. Kitinda mimba alinusa kikombe chake akafungua mdomo, dada yake akamsukumia kipande cha parachichi humo humo.

"Ndaga," alisema Mama. Kwa Kinyakyusa ni asante. Akamaliza kikombe.

Mke wangu alikuwa anatazama chake. Akanitazama mimi. Akageuka kutazama jikoni, kupitia mlangoni. "Mbona sufuria ina mabaka?"

"Niliisugua," nilisema. "Kwa heshima ya Mama."

Binti yangu alikohoa kikohozi kirefu sana.

Mama mkwe alikaa nasi wiki mbili, na katika wiki hizo sikugusa jiko. Alikuwa anaamka saa kumi na moja alfajiri na kupika chai mwenyewe. Tukiamka, chupa mpya imeshajaa. Chai yake ilikuwa ya maziwa, rangi ya tofali, na lazima nikiri, kwa masikitiko, kwamba sijawahi kuionja chai nzuri kama ile. Niliuliza siri. Akasema hakuna siri, nisikoroge sana tu. Jambo moja lilinishangaza: hakuitumia sufuria ya chai. Alitumia ile ya wali. Kila siku aliisugua, akaisuuza, akapikia chai, akairudisha. Mke wangu aliona, na kwa kuwa aliyekuwa anavunja sheria ni mamaye, akanyamaza. Mimi nilimweleza kwamba pengine Mama anapenda kubwa, tuko wengi.

Akaondoka. Maisha yakarudi. Utando wa sufuria ukaanza kujijenga upya taratibu, mabaka yakaungana, na nikaamini mambo yamepita.

Wiki tatu baadaye, Jumatano, tukapigiwa simu kutoka ofisi ya basi: kuna mzigo wenu kutoka Tukuyu. Mke wangu akaupitia akitoka kazini. Yalikuwa majani ya chai, kilo mbili, yamefungwa nailoni juu ya nailoni kama mtoto wa nchi za baridi. Akampigia Mama kushukuru. Nilimsikia akisema, "Na huo mwingine? Kwa nini hukuweka pamoja, Mama? Nauli mara mbili?" Kisha akasikiliza kwa muda. "Haya," akasema, akaweka simu, uso umekunjamana kidogo.

"Anasema kuna mzigo mwingine unakuja Ijumaa kwa basi jingine. Hakutaka vikae pamoja."

Ijumaa niliufuata mwenyewe. Lilikuwa boksi, limefungwa kamba ya katani, na nilipolibeba tu nilijua ndani kuna samaki. Tulilifungua mezani. Juu kulikuwa na usipa, dagaa wa Ziwa Nyasa, wameanikwa vizuri, wa fedha, wananukia bahari isiyo na chumvi. Chini yao kulikuwa na sufuria. Mpya, ndogo, ya lita mbili hivi. Mke wangu aliipindua kuitazama, na kwenye kitako, kwa kalamu ya wino mzito na herufi kubwa za mtu asiyetaka ubishi, palikuwa pameandikwa: YA DAGAA.

Aliisoma mara mbili. Akaiweka mezani taratibu, maandishi yakitazama juu.

"Dagaa gani?" aliuliza.

Binti yetu alikumbuka kwamba ana kazi za shule.